Madarasa Pacha: Maswali ya Walimu Kuhusu Elimu ya Kimataifa Bila Kusafiri

Kila ninapokaa na walimu wenzangu tukagusia elimu ya kimataifa bila kusafiri, maswali huwa yale yale, na ni maswali ya haki. Nimeyaandika hapa jinsi yanavyoulizwa, pamoja na majibu ninayoyatoa. Nimeendesha madarasa pacha yaliyofana na mengine yaliyokufa wiki ya pili, na nimejifunza kwa yote.

Darasa pacha ni kitu gani hasa?

Ni pale mwalimu wa nchi moja na mwalimu wa nchi nyingine wanapoamua kwamba wanafunzi wao watafanya kazi moja pamoja, kwa wiki kadhaa, kama sehemu ya somo ambalo tayari lipo kwenye ratiba. Hakuna somo jipya linaloanzishwa. Kama unafundisha masoko, unabaki kwenye masoko. Kama ni uuguzi, ni uuguzi. Kinachobadilika ni kwamba sehemu ya kazi haiwezi kukamilika bila mtu wa upande wa pili.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayowaomba walimu waishike. Kuunganisha madarasa mawili kwa video, watu wakapungiana mikono na kuulizana hali ya hewa, ni salamu tu. Salamu ni njema, lakini mwanafunzi akitoka hapo hana alichojifunza ambacho asingekipata kwenye televisheni.

Darasa pacha ni njia moja. Jambo lenyewe ni pana zaidi: kuhakikisha kwamba kila mwanafunzi, na si yule mmoja aliyepata ufadhili, anakutana na mawazo, watu na mifano ya nchi nyingine akiwa nyumbani.

Wazo hili limetoka wapi?

Mwaka 1998 kilifunguliwa chuo kipya Malmö, kusini mwa Sweden. Bengt Nilsson alipewa kazi ya kusimamia uhusiano wa kimataifa wa chuo hicho, akakuta hakuna chuo chochote cha nje walichofungamana nacho. Wanafunzi hawakuwa na pa kwenda. Lakini Malmö ni mji uliojaa wahamiaji, na Nilsson akaona kwamba dunia aliyotaka kuwapeleka wanafunzi wake ilikuwa imeshahamia mitaani kwao. Mwaka 1999 akatoa hoja ya kuufanya mji wenyewe kuwa mahali pa kujifunzia. Chuo kilikuwa na mradi ulioitwa Näktergalen, uliowakutanisha wanafunzi wa chuo na watoto, wengi wao wa familia za wahamiaji. Mwanafunzi alikutana na mtoto kila wiki kwa miezi mingi: kutembea mjini, kupika, kwenda maktaba. Mtoto alipata dada au kaka mkubwa, na mwanafunzi alipata kuingia katika maisha ambayo asingeyasoma kitabuni.

Napenda kuanza na hadithi hii kwa sababu haina kompyuta ndani yake.

Upande wa mtandao ulikuja kwa njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, profesa wa filamu aitwaye Jon Rubin alikuwa akiwafanya wanafunzi wake watengeneze video pamoja na wanafunzi wa nchi za mbali. Mwaka 2006 akaanzisha hapo kituo kinachojulikana kwa kifupi kama COIL, yaani kujifunza pamoja kimataifa kwa mtandao, na jina hilo sasa linatumika duniani kote kwa aina hii ya ufundishaji. Umoja wa Ulaya ukazindua mpango wake wa ubadilishanaji kwa mtandao mwaka 2018.

Na kabla ya hao wote, katika miaka ya 1920, mwalimu wa kijiji cha Ufaransa, Célestin Freinet, aliweka mashine ndogo ya uchapaji darasani. Watoto wakachapa habari za maisha yao na kuzituma kwa posta kwa watoto wa shule ya Trégunc, pwani ya Bretagne, nao wakajibiwa. Walimu wa umri wangu hatuoni ajabu. Tuliandikiana na marafiki wa kalamu, tukituma barua na stempu kwa watu tuliosikia anwani zao redioni. Tofauti ni kwamba barua zetu zilikuwa nje ya masomo, na za wanafunzi wa Freinet zilikuwa ndiyo somo lenyewe.

Kwa nini tusitafute fedha wanafunzi wakasafiri?

Tafuteni, na mkizipata wasafiri. Lakini tazama hesabu. Kwa takwimu za UNESCO, mwaka 2020 dunia ilikuwa na wanafunzi wa elimu ya juu wapatao milioni 235, na waliokuwa wakisoma nje ya nchi zao walikuwa kama milioni 6.4. Hao hawafiki 3 katika kila 100. Hiyo ni dunia nzima, pamoja na nchi tajiri. Mpango wowote unaotegemea safari, hata ukiongezwa mara tatu, unawaacha zaidi ya 90 katika 100 wamekaa pale pale.

Sasa fikiria darasa lako la wanafunzi 120. Mmoja akipata viza akaenda miezi minne, wale 119 wamepata nini? Mara nyingi wanapata picha kwenye simu.

Je, si sawa na kumwambia mwanafunzi asome kozi ya bure ya chuo cha nje mtandaoni?

Hapana. Kozi hizo zina faida, na ninawashauri wanafunzi wazitumie. Ila mle mwanafunzi wetu anapokea tu. Profesa wa mbali anasema, yeye anasikiliza, na hakuna anayemuuliza ya kwake. Katika darasa pacha lazima atoe kitu, na mwenzake anakitegemea. Mwanafunzi aliyezoea kupokea akigundua kwamba kuna mtu Hamburg au Kisumu ambaye kazi yake imekwama kwa sababu yeye hajaleta bei za sokoni, anaamka.

Inakwendaje, wiki kwa wiki?

Walimu wengi duniani hupanga kati ya wiki nne na nane. Mimi napendelea sita. Nitaeleza kwa mfano wa somo la biashara na zao la kahawa, kwa sababu ni mfano ambao kila upande una kitu ambacho mwingine hana.

Wiki ya kwanza ni ya kufahamiana, na haina haja ya video. Kila mwanafunzi anatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili: mimi ni nani, kikombe changu cha kwanza cha kahawa au chai ninakunywa saa ngapi, na nani hukiandaa. Swali dogo kama hilo linafungua nyumba nzima ya mtu. Usiwaulize waeleze utamaduni wa nchi yao. Watakupa brosha ya watalii.

Wiki ya pili kila upande unakusanya. Wanafunzi wa Moshi wanauliza mkulima wa Kibosho au Marangu analipwa kiasi gani kwa kilo, chama cha ushirika kinakata nini, na mnada unauzaje. Wanafunzi wa Hamburg wanaingia madukani kuandika bei ya pakiti ya nusu kilo na bei ya kikombe mgahawani, na wanauliza nani anayekaanga. Hamburg si mji niliouokota hewani: ni bandari kubwa ya kahawa, na tangu mwaka 2010 una udugu na jiji la Dar es Salaam.

Wiki ya tatu na ya nne, makundi ya watu wanne, wawili kutoka kila upande, wanaunganisha takwimu zao kuwa jedwali moja: kutoka shambani hadi kikombeni, nani anabaki na kiasi gani. Hapa ndipo darasa linapochemka. Wa Moshi wanaona bei ya kikombe kimoja na kuilinganisha na kilo nzima ya mkulima. Wa Hamburg wanaeleza kodi, kodi ya pango, mishahara, gharama ya kukaanga. Wanabishana. Waache wabishane, mradi kila hoja ije na namba.

Wiki ya tano wanaandaa kazi moja ya pamoja. Ya sita kila mwanafunzi anaandika peke yake ukurasa mmoja: nilidhani nini mwanzoni, nini kimebadilika, na nini sijaelewa bado. Usiiache wiki hii hata kama muda umekubana. Bila hiyo, mambo waliyoyaona yanabaki kama vumbi barabarani, gari likipita yanatulia pale pale yalipokuwa.

Mwalimu mwenza nitampata wapi?

Karibu yako zaidi ya unavyodhani. Mwenzako uliyesoma naye ambaye sasa anafundisha Kigali. Mhadhiri aliyekuja kufanya utafiti chuoni kwenu akaondoka. Mwanafunzi wako wa zamani aliye Muscat au Minnesota. Chuo ambacho chenu kiliwahi kutia nacho saini hati ya ushirikiano, hati ikafungiwa kabatini. Vyuo vingi vya Marekani, Ulaya na Amerika ya Kusini sasa vina mratibu wa COIL ambaye kazi yake ni kutafuta walimu kama wewe, na barua pepe ya aya tatu inamtosha: ninafundisha nini, lini, kwa wanafunzi wangapi.

Ukishampata, zungumzeni ninyi wawili kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuwakutanisha wanafunzi. Ulizaneni mambo ya kawaida kabisa: mitihani yenu ni lini, likizo lini, Ramadhani itaangukia wapi, darasa lako lina watu wangapi. Darasa langu moja lilikufa kwa sababu hiyo hasa. Wao walikuwa 14, sisi tulikuwa 90, na hatukuwa tumeambiana.

Kwa tofauti kama hiyo dawa ipo: makundi mawili au matatu ya kwako yanakuwa na mwenza mmoja wa kule, au unateua kikundi kimoja cha mafunzo kwa vitendo na muhula ujao unachukua kingine.

Lazima mwenza awe Ulaya au Marekani?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu mara nyingi anayeuliza ameshaamini kwamba jibu ni ndiyo.

Chukua Ziwa Victoria. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda inafuata, Kenya ina kama asilimia 6. Mwanafunzi wa Mwanza, wa Kisumu na wa Jinja wanatazama maji yale yale, na kila mmoja amefundishwa ziwa lake. Samaki mdogo wa fedha anayekaushwa mchangani ni dagaa Mwanza, ni omena Kisumu, na Uganda ni mukene. Wote watatu wamesimuliwa kuhusu sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuwala furu, samaki wa asili wa ziwa hilo, hadi aina zao nyingi zikatoweka. Wote wamepambana na gugu maji lililotoka Amerika ya Kusini. Lakini muulize kila mmoja nani anavua kupita kiasi: atakunyooshea kidole ng'ambo ya pili.

Weka hao watatu katika kundi moja. Kazi yao iwe rahisi: kila mmoja aende mwaloni kwake, wanakoshushia samaki, aulize bei ya dagaa, ukubwa wa matundu ya wavu unaoruhusiwa, na mwezi gani uvuvi hufungwa, kisha waandike taarifa moja ya ziwa moja. Wanafunzi wa jiografia, baiolojia, uchumi na sheria wote wanaingia hapo. Hakuna tofauti ya saa, nauli ni sifuri, na lugha ya kuanzia wanayo. Hayo ni mafunzo ya kimataifa kamili, hayapungui chochote kwa sababu hakuna Mzungu ndani yake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, kutoka Somalia hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ninao wanafunzi wanaoweza kukutajia majiji ya Uingereza bila kufikiri lakini hawajawahi kuzungumza na Mrundi. Hilo linanisikitisha, na liko ndani ya uwezo wetu kulirekebisha muhula huu.

Kiingereza cha wanafunzi wangu si kizuri. Si wataaibika?

Wanaweza kunyamaza, ndiyo, na mwalimu wa upande wa pili akadhani hawana la kusema. Kwa hiyo panga mapema. Maandishi na ujumbe wa sauti humpa mwanafunzi nafasi ya kufikiri, kurudia na kusahihisha, jambo ambalo mazungumzo ya moja kwa moja hayampi. Anza na hayo. Video ije baadaye, katika makundi madogo, watu wakiwa wameshajuana.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo tumelikalia. Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Bayreuth, Napoli, London, Beijing, Osaka na katika vyuo vingi vya Marekani. Wanafunzi wa kule wana walimu, wana vitabu, hawana wa kuzungumza naye. Wa kwetu ndio hao, mamilioni. Utaratibu wa kubadilishana lugha umeshafanyiwa kazi vizuri, na Brazil wameuendesha kwa mtandao tangu mwaka 2006 kwa jina la Teletandem: wanafunzi wawili, saa moja, dakika 30 kwa lugha ya huyu na 30 kwa lugha ya yule, bila kuchanganya. Katika nusu ya kwanza mwanafunzi wako ni mwanafunzi, katika nusu ya pili ni mwalimu.

Nimeona kinachotokea katika nusu hiyo ya pili. Kijana aliyekuwa akitafuta maneno ya Kiingereza kwa jasho anakaa sawa kitini na kuanza kueleza kwa nini tunasema "shikamoo" kwa shangazi na "mambo" kwa rafiki, kwa nini "pole" si kuomba radhi, na kwa nini "kesho" ya fundi haina tarehe. Anaulizwa swali ambalo hakuwahi kujiuliza: kwa nini tunasema "watu wazuri" lakini "viti vizuri"? Inambidi afungue kitabu cha sarufi. Hapo Kiswahili chake kinakua, na Kiingereza chake kinapata mtu mwenye subira, kwa sababu mwenzake naye amehangaika nusu saa iliyotangulia.

Tena yako madarasa pacha yasiyohitaji Kiingereza hata neno moja: Zanzibar na Muscat, ambako familia nyingi bado huzungumza Kiswahili, Kigoma na Uvira, Mombasa na Moroni, ambako Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili na wanafunzi watacheka kwa maneno wanayoshirikiana.

Intaneti yetu ni mbovu na bando ni ghali. Tutafanyaje?

Saa moja ya video ya kundi inaweza kumaliza karibu gigabaiti nzima. Ujumbe wa sauti wa dakika tano hauli hata megabaiti mbili. Panga kazi ukianzia na ukweli huo. Mimi huweka mikutano miwili tu ya video katika wiki sita, nayo inafanyika chuoni, kwa kompyuta moja na projekta, mtandao ukiwa wa chuo. Yaliyobaki ni WhatsApp, barua pepe, na nyaraka zinazoandikwa nje ya mtandao na kutumwa bando likipatikana.

Mweleze mwenza wako hali hii siku ya kwanza, kinagaubaga. Mwalimu wa nchi tajiri asiyejua kuwa umeme unaweza kukatika saa nne atadhani wanafunzi wako ni wazembe. Akijua, mtakubaliana: jibu ni ndani ya saa 48, si ndani ya dakika tano.

Na kama kuna mwanafunzi asiye na simu janja, asiwekwe kando. Kundi la watu wanne linahitaji simu moja.

Tofauti ya saa je?

Saa kumi jioni ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa tisa alasiri Berlin wakati wa kiangazi na saa nane mchana wakati wa baridi. New York ni saa tatu asubuhi au saa mbili, kulingana na msimu. São Paulo ni saa nne asubuhi. Delhi ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Tokyo ni saa nne usiku, muda mbaya kwa darasa. Kumbuka kwamba Ulaya na Marekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na hawafanyi hivyo siku moja. Mwezi Machi hupita wiki mbili au tatu ambazo hesabu yako yote imevurugika.

Mtego mkubwa ni wa kwetu wenyewe. Kundi langu moja liliandikiwa "8:00" likasoma saa nane. Walikaa mbele ya skrini saa nane mchana wakiwasubiri watu waliokuwa wameondoka tangu asubuhi. Tangu hapo naandika kila muda kwa namna mbili: "saa 2 asubuhi (08:00)". Somo lenyewe likageuka mazungumzo mazuri, kwa sababu wageni hawakuwa wamewahi kusikia watu wanaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza.

Sina mwenza wala mtandao. Kuna la kufanya?

Lipo, na ndilo la Malmö. Tazama mliko. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ni mji ambao kwa karibu miaka 20 uliendesha kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, hadi mahakama maalumu ya kesi hizo ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mwanafunzi wa sheria wa Arusha asiyewahi kukaa katika kesi ya wazi ya kimataifa amenyimwa kitu kilicho umbali wa daladala. Nairobi, pale Gigiri, kuna makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Bandarini Dar es Salaam kuna madalali wa mizigo wanaoshughulika kila siku na Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura, na wanajua kuhusu ushuru wa nchi jirani kuliko kitabu chochote cha biashara.

Kigoma, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imepokea Wakongo tangu 1996. Chuo cha ualimu kilicho karibu na watu hao kina walimu, mafundi, wakunga na wanamuziki wa nchi nyingine kwa jirani. Waalikwe kama wataalamu, wazungumze ujuzi wao, walipwe nauli na posho kama mgeni yeyote. Wasialikwe kusimulia machungu yao ili wanafunzi wetu wapate hisia.

Hata kubadilisha mifano ni mwanzo. Mwalimu wa uhasibu anaweza kuchukua hesabu za kampuni ya Uganda badala ya zile zile za kila mwaka. Haigharimu chochote.

Nina wasiwasi: wenzetu watatuona maskini wa kuonewa huruma.

Wasiwasi huo una msingi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika kwamba kukutana tu hakuondoi chuki wala dharau. Alitaja masharti: wanaokutana wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono. Yakikosekana, kukutana kunaweza kuzidisha yale yale waliyokuja nayo.

Nilishawahi kupokea pendekezo la kazi kutoka kwa mwalimu wa nje, mtu mwema kabisa, lililosema wanafunzi wake wabuni suluhisho la tatizo la maji la wanafunzi wangu. Nilimjibu kwa heshima kwamba tutakubali iwapo na wanafunzi wangu watabuni suluhisho la tatizo la wazee wa mjini kwao wanaoishi na kufa peke yao. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akajibu kwamba hilo ndilo somo alilokuwa akilitafuta bila kujua. Tukaibadilisha kazi: pande zote mbili zilitazama jinsi familia zinavyowatunza wazee, na pande zote mbili zilikuta mambo ya kuona haya na mambo ya kujivunia.

Kipimo changu ni hiki: soma maelezo ya kazi, uhesabu kila upande unatoa nini na unapokea nini. Upande mmoja ukiwa na maswali na mwingine una majibu, irudishe ikaandikwe upya.

Na tujikague na sisi. Wanafunzi wetu nao huja na ya kwao: kwamba Ulaya hakuna maskini, kwamba kila Mmarekani ana bunduki, kwamba Wakongo ni watu wa muziki tu. Hayo nayo yanahitaji kuvunjwa.

Mada nyeti zikizuka?

Zitazuka. Dini, siasa, ndoa, mpaka. Katika lile kundi la ziwa mtu atataja Migingo, kisiwa kisichofikia ukubwa wa uwanja wa mpira ambacho Kenya na Uganda wamegombania. Kabla hamjaanza, wanafunzi wenyewe waandike kanuni zao, fupi: tunasema "mimi" na "kwetu", hatusemi "ninyi watu", tunauliza kabla ya kuhukumu, mtu ana haki ya kutojibu. Walimu wawili muwe na njia ya kuwasiliana haraka ninyi kwa ninyi. Mara nyingi kilichoonekana kuwa tusi ni tafsiri mbovu tu.

Picha na taarifa za wanafunzi je?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya na Uganda wana za kwao za mwaka 2019, na Ulaya ina kanuni kali zilizoanza kutumika 2018. Kwa ufupi: pata ridhaa kwa maandishi, na kwa walio chini ya miaka 18 pata ya mzazi au mlezi. Usimlazimishe mtu kufungua kamera. Usirekodi bila kuwaambia wote. Namba za simu zisisambazwe kwa watoto wa shule. Mawasiliano yapite kwa mwalimu.

Shule za sekondari na msingi zinaweza?

Zinaweza. Mtandao wa iEARN ulianza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za New York na Moscow, enzi ambazo Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zikitazamana kwa uadui, na leo una walimu katika nchi zaidi ya 100. Kuna mradi wao mmoja ambao watoto hutumiana mwanasesere kwa posta. Mgeni huyo "anaishi" darasani na watoto wanaandika shajara yake. Shule isiyoruhusu simu inaweza kuufanya huo kwa bahasha na stempu. Vilevile mwalimu mmoja mwenye simu anaweza kubeba sauti za darasa zima.

Wanafunzi watapewa alama?

Wapewe. Kazi isiyo na alama hufa mitihani ikikaribia. Kila mwalimu anasahihisha wanafunzi wake kwa kanuni za chuo chake, kwa hiyo hakuna ada inayohamishwa wala haja ya ithibati mpya. Mimi huipa asilimia 20 ya tathmini endelevu, na ninapima kazi ya pamoja pamoja na ule ukurasa wa tafakuri. Sitoi alama kwa Kiingereza kizuri kama somo si Kiingereza.

Vyuo vya Tanzania vinahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Wiki sita za saa tano kila moja ni saa 30, nazo zinakaa vizuri ndani ya somo lililokwisha kuidhinishwa.

Basi safari hazina maana tena?

Zina maana. Hakuna skrini itakayokupa harufu ya mji, wala ule upweke wa Jumapili ya kwanza ugenini unaomkomaza mtu. Aliyepitia darasa pacha akipata safari baadaye hufika akiwa na rafiki wa kumpokea.

Nimwombe nini mkuu wangu?

Vitu vitatu, na usizidishe. Ruhusa ya kutumia wiki sita za somo moja. Chumba chenye mtandao kwa saa mbili, mara mbili katika muhula, na jenereta kama ipo. Na atambue muda wako wa maandalizi kama sehemu ya mzigo wa kufundisha, kwa maandishi, kwa sababu kazi hii ikibaki kuwa hisani ya mwalimu mmoja itaondoka naye siku atakapohamishwa. Mpelekee na jina la mwenza wako, tarehe ya kuanza, na ile kazi yenyewe ikiwa imeandikwa kwenye karatasi moja. Nimeona wakuu wakikataa mipango mikubwa yenye bajeti nene. Sijaona aliyekataa karatasi moja yenye tarehe.